RDC na Uganda: deni la milioni 325, barabara ya milioni 334

Mto Lubiriha si mto mkubwa. Wakati wa kiangazi mtu anauvuka kwa miguu akiinua nguo kidogo, na wakaaji wa Kasindi wanajua sehemu zote ambako maji hayafiki magoti. Upande huu ni Kasindi, teritware ya Beni, katika Kivu ya Kaskazini. Upande ule ni Mpondwe, wilaya ya Kasese, Uganda. Daraja liko, ofisi za duani ziko, DGM iko na mihuri yake. Lakini maji ya Lubiriha hayaombi mtu makaratasi.

Mtu akitaka kuelewa uhusiano wa Congo na Uganda, afadhali akae saa moja hapa kuliko kusoma matangazo ya pamoja ambayo mawaziri wanasoma Kinshasa ao Kampala. Hapa simenti na sukari vinaingia, kakao na kahawa vinatoka. Shilingi ya Uganda inapokelewa sokoni sawa na franka, na mara nyingi kwa haraka zaidi. Mnande wa Kasindi na Mukonzo wa Bwera wanasalimiana kwa luga moja, wanazika pamoja, wanaoana. Ukipanda kaskazini, kule Mahagi utakuta Waalur pande mbili, na kule Aru utakuta Walugbara pande mbili. Mpaka ulichorwa na wazungu juu ya watu waliokuwa tayari ndugu.

Pia ni hapa ndipo mtu anaona kitu kigumu kukieleza kwa mgeni. Uganda ni inchi ambayo Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliihukumu juu ya vita na uporaji katika Congo. Uganda hiyo hiyo imechangia kutengeneza barabara yetu, imetuma wanajeshi wake kufukuza waasi waliozaliwa kwake, na inapokea wakimbizi wetu zaidi ya nusu milioni. Na Uganda hiyo hiyo inatajwa katika ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu M23, jambo ambalo Kampala inakanusha. Yote hayo kwa wakati mmoja, na kwa jirani mmoja.

Namba mbili zinafaa kuwekwa pamoja. Deni ambalo La Haye iliandikia Uganda ni milioni 325 za dola. Gharama ya barabara ambazo inchi mbili zilikubaliana kutengeneza katika Kivu ya Kaskazini ilihesabiwa karibu milioni 334 na nusu. Hakuna mtu aliyepanga namba hizo zikaribiane hivyo. Lakini katika namba hizo mbili kuna karibu historia nzima ya miaka 25 kati ya Kinshasa na Kampala.

Kesi iliyochukua miaka 22

Tuanze na deni. Mwaka 1996 na 1997 Uganda na Rwanda zilisaidia AFDL ya Laurent-Désiré Kabila kumwangusha Mobutu. Mwezi wa nane 1998 marafiki wakawa maadui. Vita ya pili ikaanza, na jeshi la Uganda likakaa Ituri, likafika mpaka Kisangani na Équateur. Tarehe 23 mwezi wa sita 1999 Kinshasa ikashitaki Kampala mbele ya mahakama ya La Haye.

Wakati mashitaka yangali mezani, Kisangani ikaona jambo ambalo wakaaji wake hawajasahau mpaka leo. Kutoka tarehe 5 mpaka tarehe 10 mwezi wa sita 2000, majeshi mawili ya kigeni, la Uganda na la Rwanda, yalipigana katikati ya mji ambao haukuwa wa yeyote kati yao. Makombora maelfu yaliangukia nyumba, masomo, makanisa. Mamia ya raia walikufa. Watu wa Kisangani wanaita siku hizo Vita ya siku sita, na mtu akisema hivyo hapo mjini, hakuna anayeuliza ni vita gani.

Tarehe 19 mwezi wa kumi na mbili 2005 mahakama ilitoa hukumu: Uganda ilivunja sheria ya kimataifa kwa kutumia nguvu katika Congo, ilikuwa mwenye kukalia Ituri kwa mabavu, na inajibu juu ya mauaji, mateso na uporaji wa mali uliofanywa na wanajeshi wake. Kuna kipande cha hukumu hiyo ambacho kwetu hakisemwi sana: Congo nayo ilikutwa na kosa, sababu ya namna ubalozi wa Uganda huko Kinshasa ulishambuliwa na wanadiplomasia wake kutendewa vibaya mwaka 1998. Kampala baadaye iliacha kudai chochote juu ya hilo.

Mahakama iliambia inchi hizo mbili zizungumze zenyewe juu ya kiasi cha malipo. Zilizungumza miaka mingi, zikashindwa kuelewana. Mwaka 2015 Kinshasa ikarudi La Haye, ikaomba zaidi ya bilioni 11 za dola. Tarehe 9 mwezi wa pili 2022, karibu miaka 23 baada ya mashitaka ya kwanza, jibu lilitoka: milioni 325. Milioni 225 ni juu ya watu, maana yake waliouawa, waliojeruhiwa, waliobakwa, watoto waliotiwa jeshini, waliokimbia makwao. Milioni 40 ni juu ya mali iliyoharibiwa. Milioni 60 ni juu ya utajiri wa asili, ikiwemo dhahabu, almasi, koltani na mbao.

Kwa kila dola 100 ambazo Congo iliomba, ilipewa chini ya dola 3. Mahakama ilisema kwamba kwa mambo mengi Kinshasa haikuleta ushahidi wa kutosha. Hapo mimi sishangai sana. Karibu miaka 10 ilipita kati ya hukumu ya 2005 na kurudi mahakamani, na katika miaka hiyo watu walizeeka, makaratasi yalipotea, mashahidi walikufa. Nani alikuwa na kazi ya kuandika majina kijiji kwa kijiji? Hata hivyo mahakama yenyewe ilikadiria kwamba waliokufa katika vita hiyo na ambao Uganda inajibu juu yao ni kati ya 10 000 na 15 000.

Malipo yalipangwa mara tano, milioni 65 kila mwaka, kuanzia tarehe 1 mwezi wa tisa 2022. Uganda ikichelewa, inaongezewa faida ya asilimia 6. Serkali ya Kampala ilisema hukumu hiyo si ya haki, lakini ililipa. Milioni 65 za kwanza zilitolewa mwezi wa tisa 2022, na malipo mengine yakafuata miaka iliyofuata.

Pesa zikishavuka mpaka

Kufika hapo, tatizo si la Uganda tena.

Kwa kugawa pesa hizo serkali ya Congo iliunda mfuko maalum unaoitwa FRIVAO, ambao makao yake yako Kisangani. Kazi yake ni kutambua waathirika, kuhakikisha majina, na kulipa. Kwenye karatasi ni kazi inayoeleweka. Kwenye uwanja, mtu aliyepoteza mama yake mwaka 2000 anapaswa kuonyesha nini? Cheti cha kifo cha siku ambazo watu walikuwa wanazika katika viwanja vya nyumba? Karatasi ya hospitali iliyopigwa bomu? Mashirika ya waathirika ya Tshopo na Ituri yamelalamika mara nyingi juu ya orodha, juu ya watu wasiojulikana wanaotokea ndani yake, juu ya wale wanaojulikana na mtaa mzima lakini majina yao hayaonekani.

Kisha kukaja jambo la gereza. Mwaka 2025 waziri wa sheria wakati huo, Constant Mutamba, alishitakiwa juu ya karibu milioni 20 za dola zilizotoka katika pesa za fidia hiyo na kuelekezwa kwa kampuni moja ili ijenge gereza Kisangani. Tarehe 2 mwezi wa tisa 2025 Mahakama ya Kasasyo ilimhukumu miaka mitatu ya kazi ya kulazimishwa. Yeye alikana kosa na akasema ni njama ya kisiasa. Lakini hata mtu akiweka pembeni swali la nani alikula na nani hakula, swali moja linabaki, nalo wakaaji wengi wa Kisangani waliliuliza kwa sauti: mtu ambaye nyumba yake ilianguka juu ya watoto wake, kwa nini pesa yake ijenge gereza?

Tunapenda kusema Uganda ituombe radhi, na ni haki yetu kusema hivyo. Ila risiti za benki zinaonyesha kwamba mdaiwa alianza kulipa. Mama wa Tshopo anayengoja hana tena faida ya kutazama upande wa Kampala. Mlango wa kupiga hodi uko Kisangani na Kinshasa.

Lami

Sasa tuje kwenye namba ya pili. Mwezi wa kumi na moja 2019 raisi Félix Tshisekedi na raisi Yoweri Museveni walikubaliana huko Entebbe kutengeneza barabara katika Kivu ya Kaskazini. Tarehe 16 mwezi wa sita 2021 walikutana mpakani, Mpondwe na Kasindi, kuzindua kazi. Mpango ulikuwa kilometa 223: Kasindi mpaka Beni kilometa 80, njia ya Beni na Butembo kilometa 54, na Bunagana, Rutshuru mpaka Goma kilometa 89. Kampuni ya Dott Services ya Uganda ndiyo ilipewa kazi.

Uganda ilikubali kubeba asilimia 20 ya gharama. Fanya hesabu: asilimia 20 ya milioni 334 na nusu ni karibu milioni 67. Hiyo ni kama malipo ya mwaka mmoja wa deni la La Haye. Kwa mkono mmoja Kampala ililipa fidia ya vita, kwa mkono wa pili ililipa lami. Katika bunge la Uganda kulikuwa na wabunge waliouliza kwa nini serkali yao itengeneze barabara za Congo wakati za kwao zina mashimo. Swali lao lilikuwa na maana, na jibu la serkali yao lilikuwa wazi pia: soko liko Congo.

Hilo si siri, na si dhambi. Anayejua barabara ya Beni kuelekea Kasindi wakati wa mvua, jinsi ilivyokuwa, hatacheka lami ya mtu yeyote. Gari lilikuwa linalala njiani siku mbili juu ya kilometa 80. Mchele uliotoka Mombasa, ukapita Nairobi, Malaba, Kampala na Kasese, zaidi ya kilometa 1 500 kwa lami, ulikuja kuozea kilometa za mwisho, karibu na nyumbani. Wafanya biashara wa Butembo, ambao wanajulikana kwa kwenda kutafuta bidhaa mpaka Dubai na Guangzhou, walikuwa wanahesabu matope ndani ya bei. Na bei hiyo haikulipwa na wao. Ililipwa na mama anayenunua sabuni kipande kimoja.

Lakini lami haikwenda kwa mwendo uliotangazwa. Waasi wa ADF walishambulia magari, wakachoma mengine, na kazi ikasimama mara kwa mara. Upande wa Rutshuru mambo yalikuwa mabaya zaidi: tarehe 13 mwezi wa sita 2022, mwaka mmoja kasoro siku tatu baada ya uzinduzi, M23 iliteka Bunagana. Kilometa 89 za Goma zikabaki kwenye karatasi.

Kila siku Lubiriha

Kiini cha uhusiano huu, kwa maoni yangu, hakiko La Haye na hakiko kwenye lami. Kiko ndani ya gunia.

Tazama kinachoingia: simenti, mabati, sukari, mafuta ya kupikia, sabuni, unga wa mahindi, biskuti, vyombo vya plastiki, bia. Karibu vyote vimepita kiwandani. Tazama kinachotoka: kakao, kahawa, mbao, dhahabu. Karibu vyote ni vibichi. Mkulima wa Mutwanga ao Watalinga anauza kakao kavu na ananunua sabuni. Kati ya kakao na sabuni kuna viwanda, mishahara, kodi na umeme, na vyote viko upande ule wa mto.

Na hata hiyo kakao haitoki yote kwa njia ya duani. Sehemu inavuka kwa frodi, usiku, kupitia Semliki na mito midogo, kuelekea Bundibugyo, ambako ndiko Uganda inalima kakao yake. Ikifika kule inachanganywa na nyingine, inaandikwa Uganda, inapanda meli ikiwa Uganda. Mwaka 2024, wakati bei ya kakao duniani ilipita dola 10 000 kwa tani, shamba la Beni liligeuka mali ya kuuawa kwa ajili yake: wezi wanavuna usiku, waasi wanavuna mchana, mwenye shamba anaogopa kwenda kulitazama. Hasara hiyo Congo haiwezi kuihesabu hata ikitaka, sababu kitu ambacho hakikuandikwa popote hakina namba.

Kahawa ni vile vile. Uganda ni moja ya inchi mbili zinazouza kahawa nyingi zaidi katika Afrika. Sehemu ya kahawa inayopita jina lake ilichumwa Lubero na Ituri. Na dhahabu ndiyo zaidi: leo ni bidhaa ya kwanza ya Uganda katika mauzo ya inje, mbele ya kahawa, wakati Uganda yenyewe haina migodi ya kutosha kueleza kiasi hicho. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mwaka baada ya mwaka juu ya dhahabu ya Ituri inayokwenda Kampala. Mwezi wa tatu 2022 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwekea vikwazo kiwanda cha African Gold Refinery cha Entebbe na Mbelgiji Alain Goetz, ikisema kinahusika na dhahabu ya magendo ya Congo. Goetz alikanusha. Kama tunasoma hukumu ya La Haye vizuri, milioni 60 zililipiwa juu ya utajiri uliotoka na wanajeshi. Ule unaotoka leo hauhitaji mwanajeshi. Unahitaji bei nzuri upande wa pili na kodi nyingi upande huu.

Hapo ndipo tunafika kwenye aibu yetu wenyewe. Kwa nini mkulima anapenda frodi? Si sababu anachukia inchi yake. Amri nambari 036/2002 ya tarehe 28 mwezi wa tatu 2002 inasema wazi ni idara gani za serkali zinaruhusiwa kufanya kazi mpakani: duani, OCC, DGM na huduma ya usafi na afya. Nne tu. Amri hiyo ina zaidi ya miaka 20. Mtu ahesabu mwenyewe siku anapovuka, meza kwa meza, daftari kwa daftari, mpaka kijana mwenye kamba anayesema nayo ni bariere. Wamama wanaovuka na ndizi ao samaki kichwani wanajua hesabu hiyo kuliko waziri. Kuna utaratibu mwepesi wa COMESA kwa wachuuzi wadogo, ambao unapunguza makaratasi na kodi kwa mizigo midogo. Wengi hawaujui, na anayeujua anaweza kukuta ofisa ambaye anajifanya hajausikia.

Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Mkataba ulitiwa sahihi Nairobi tarehe 8 mwezi wa nne. Wafanya biashara wa Beni, Butembo na Bunia walifurahi, wakifikiri kodi zitashuka kesho yake. Hazikushuka, sababu Congo bado haijaanza kutumia kikamilifu sheria za duani za jumuiya. Na kuna wanaoogopa siku zitakapotumika, nao wana haki ya kuogopa: mlango ukifunguliwa wazi kati ya inchi yenye viwanda na inchi inayouza mbegu, bidhaa zitajua zenyewe zielekee wapi. Kiwanda kimoja cha kukaanga kahawa Butembo, chenye umeme wa kudumu, kingefanya kazi kubwa kuliko mikutano mitatu ya tume ya pamoja.

Tusisahau pia watu. Vijana wetu wanasoma Kampala. Wagonjwa ambao madaktari wa hapa wameshindwa wanapelekwa Kampala, familia ikiuza shamba. Usiku ambao kijiji kinashambuliwa, watu wanakimbilia upande wa Uganda, na kambi kama Kyangwali, Kyaka II, Rwamwanja na Nakivale zimejaa Wakongomani. Mwaka 2023, tarehe 16 mwezi wa sita, ADF walivuka wenyewe wakaua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi, katika shule ya Lhubiriha kule Mpondwe. Beni ililia pamoja na Mpondwe siku hiyo. Ililia kama mtu anayejua.

Askari wa jirani

ADF ni waasi wa Uganda. Walianza kule, milima ya Rwenzori, miaka ya 1990, wakaingia msitu wetu, na kutoka mwezi wa kumi 2014 wameua raia wa Beni na Ituri kwa maelfu. Tarehe 30 mwezi wa kumi na moja 2021, majuma mawili baada ya mabomu kulipuka Kampala, Uganda na Congo zilianzisha operesheni Shujaa, FARDC na UPDF pamoja. Katika mji wa Beni kulikuwa na waliopiga makofi na walionyamaza. Walionyamaza wengi walikuwa watu wa umri, wanaokumbuka mwaka 1998.

Mwanzoni mwa 2025, Goma na Bukavu zilipoanguka mikononi mwa M23, UPDF ikaingia mpaka Bunia. Siku chache mbele ya hapo, mkuu wa jeshi la Uganda, Muhoozi Kainerugaba, mwana wa raisi Museveni, aliandika kwenye mtandao kwamba anapatia watu wote wenye silaha Bunia saa 24 wazitoe, la sivyo atashambulia mji. Kati ya majirani wenye ubalozi na tume ya pamoja, hiyo ni luga ya ajabu. Kinshasa ilimeza. Haikuwa na nafasi ya kufungua ugomvi wa pili wakati wa kwanza unaichoma.

Bunagana inaonyesha ugumu wote mahali pamoja. Kutoka 2022 upande wa Congo wa mpaka huo uko chini ya M23, na M23 ndiyo inatoza kodi hapo. Mwezi wa saba 2025 Uganda iliruhusu mpaka ufunguliwe tena kwa biashara, pamoja na ule wa Ishasha. Kwa mchuuzi wa Kisoro na wa Rutshuru hiyo ni habari ya chakula cha jioni. Kwa serkali ya Kinshasa ni jirani anayefanya biashara na mtu aliyechukua nyumba yako, mbele ya mlango wako. Jirani huyo huyo, upande wa kaskazini, askari wake wanalala msituni pamoja na wako.

Na bado mafuta hayajaanza kusema. Kwenye Ziwa Albert, upande wa Uganda, miradi ya Tilenga na Kingfisher inatayarisha mafuta yatakayopita katika bomba la kilometa 1 443 kutoka Hoima mpaka Tanga, Tanzania. Kingfisher iko ufukoni, inatazamana na Ituri. Mwaka 2007 mtaalamu mmoja wa mafuta aliuawa kwenye ziwa hilo, na maraisi wawili wakalazimika kukutana Ngurdoto, karibu na Arusha, kuweka sahihi ya mapatano tarehe 8 mwezi wa tisa. Wavuvi wa Tchomia na Kasenyi, ambao wanakamatwa mara kwa mara juu ya kuvuka mstari ambao hauonekani majini, hawajaona kwamba mapatano hayo yaliwagusa.

Kwa upande wa Kisangani, waathirika wanaendelea kufika kwenye ofisi za FRIVAO na makaratasi yao ndani ya mifuko ya plastiki. Tukumbushe kwamba malipo ya tano na ya mwisho ya Uganda, mahakama iliyapangia tarehe 1 mwezi wa tisa 2026.